Upinde wa Kilo 13

Tulipokaribia Sagana makanga alinigeukia akauliza kama lile gunia refu lililolala chini ya viti ni fimbo ya kuvulia. Swali lilikuwa na maana. Sagana ni mji wa maji. Mto unaopita kando yake, ambao Wakikuyu huuita Thagana, ndio Tana ungali mchanga. Mabwawa ya samaki ya serikali yapo hapo tangu 1948, na siku za mapumziko vijana wa Nairobi huja kushuka maporomoko kwa mashua za mpira. Nikamjibu kwamba ni upinde. Abiria wa kiti cha mbele akageuka, akanitazama, akalitazama gunia, kisha akarudisha macho barabarani asiseme neno.

Sikumlaumu. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, tuliona picha za watu waliochomwa mishale, na hadi leo Mkenya akiona upinde mikononi mwa mtu asiyemjua huwaza ugomvi kabla ya kuwaza jambo jingine. Ndiyo maana nilikuwa nimeuvua upote, nikaufunga upinde kwa gunia na kamba ya katani toka ncha hadi ncha. Anayeanza kujifunza chombo hiki katika nchi yetu hujifunza kwanza kukibeba.

Mimi ni mtu wa Malindi. Utotoni nilisikia habari za Waata, ambao majirani waliwaita Wasanye au Waliangulu, wawindaji wa tembo katika nyika inayoanzia nyuma ya mji wetu hadi Tsavo. Upinde wao ulikaribia kimo cha mtu mzima, na kuuvuta kulidai nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na kuendelea. Pinde za kivita zilizopatikana ndani ya Mary Rose, meli ya Kiingereza iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, zinakadiriwa kuanzia ratili 100 hivi kwenda juu. Basi watu wa nyika yetu walikuwa safu moja na wapiga upinde wa mfalme, wala hawakuwa na mfalme wa kuwalipa. Niliposoma hayo ukubwani nikautamani upinde mzito. Nikanunua mmoja katika duka la vinyago kando ya barabara, umezungushiwa ngozi na shanga, mzuri wa kutazama, nikaupeleka Sagana kwa mzee niliyeelekezwa na rafiki.

Mzee anaishi nje ya mji, upande unaoteremkia Mwea, ambako kijani cha mlima kinaanza kukata tamaa na vichaka vya nchi kavu vinaanza kujitokeza. Watu wote wa pale humwita Guka, nami nikamwita hivyo. Baba yake alikuwa mtu wa Ndia, mama yake Mmbeere, na ni kwa wajomba zake, huko Mbeere kwenye ukame, alikojifunza uta. Alitumia neno hilo hilo, uta, nami nikachangamka, kwa kuwa Kiswahili cha zamani nacho husema uta. Na podo, ambalo wazee wetu waliliita pia ziaka, yeye analiita thiaka. Chai ilikuwa haijaisha kikombeni na tayari tumekwisha kuokota maneno mawili ya ukoo mmoja.

Akaufungua upinde wangu gunia. Hakuuvuta. Aliupitisha mbele ya jicho kama mtu anayekagua kama boriti imenyooka, kisha akapitisha ukucha juu ya mti polepole.

"Huu ni wa ukutani, mwana wa pwani," akasema. "Usiuvute hata siku moja."

Akanionyesha sababu, nami nikaona aibu kwamba jicho langu lilikuwa limepumbazwa na shanga. Mti ulikuwa umepasuliwa kutoka kwenye ubao, kwa hiyo nyuzi zake hazikufuata urefu wa upinde. Zilikimbilia ubavuni na kukatika. Upinde unapopindwa, upande unaotazama shabaha hunyooshwa na upande unaomtazama mpigaji hukandamizwa. Uzi uliokatika ubavuni ndio mlango wa ufa. Alipoifunua ngozi ya mshikio tukakuta kifundo cha tawi, na kwenye kifundo ufa mwembamba kama unywele, umetangulia kuja. Ningeuvuta hadi shavuni, kipande kingenirudia usoni.

Juu ya meko yake zilining'inia pinde nne, na kando yake fito ambazo bado zilikuwa fito. Zote za mkole, mti wa vichaka ambao huota vizuri huko Mbeere. Huchagua shina lililolingana na kifundo cha mkono kwa unene, lililonyooka, lisilo na matawi njiani. Gamba hubanduliwa kwa uangalifu, na ule upande wa nje wa shina, uliokuwa chini ya gamba, hauguswi tena na kisu: huo ndio mgongo wa upinde, na nyuzi zake lazima zikae nzima toka ncha hadi ncha. Kuchonga kote ni upande wa tumbo. Ncha hupakwa nta ya nyuki ili maji yasitoke upesi na kupasua mti, kisha ufito hulazwa kivulini, na baada ya hapo hupandishwa kwenye moshi wa jikoni kwa miezi. Kama una kijipindo, hunyooshwa juu ya moto mapema. Samaki mkunje angali mbichi, nikasema, naye akakubali kwa kichwa.

Alipofika kwenye kunichagulia hakunitazama usoni. Aliniwekea ufito kifuani, akaniambia ninyooshe mikono yote miwili juu yake, akatia alama pale vidole vilipoishia: huo ndio urefu nitakaovuta mimi, sentimita 68. Mtu mwenye mikono mirefu huupata upinde ule ule ukiwa mzito zaidi, kwa sababu uzito huongezeka kadiri unavyozidi kuuvuta. Halafu akaleta mizani ya kuning'iniza, aina ile wanayoitumia wanunuzi wa parachichi kupimia magunia, akaitundika kwenye tawi la mwembe. Akanasa upote kwenye kulabu, akaushusha upinde hadi alama ya sentimita 68, akasoma. Kilo 22.

Nikamwambia huo nitauweza. Akaniambia niuvute, nisimame, nihesabu hadi kumi. Nilipofika nne mkono wa mbele ukaanza kutetemeka. Nilipofika sita nikaurudisha upote bila kupenda. Upinde wa pili ulikuwa kilo 17. Huo niliufikisha saba, lakini bega lilikuwa limepanda hadi sikioni. Wa tatu ulikuwa kilo 13. Nikahesabu kumi, na yeye akaniuliza maswali juu ya Malindi huku nimeuvuta, nami nikamjibu.

"Huo ndio wako," akasema. "Uzito unaoweza kuongea ukiwa nao."

Nilivunjika moyo, nasema kweli. Kilo 13 hazifiki hata ratili 30. Nilikuwa nimesafiri kutoka baharini na kichwa kimejaa pinde za tembo, na sasa nimekabidhiwa upinde wa mvulana. Guka aliona. Akaniambia kwamba upinde mzito ni mwalimu mbaya: unamfundisha mwanafunzi kuachia mapema ili apumzike, kuinua mabega, kufumba macho, na makosa hayo yakishaingia mwilini hayatoki hata nguvu ikija. "Wacha kuvuta na mkono," alizidi kuniambia siku zote nilizokaa. "Vuta na mgongo. Mifupa ya mabega ikaribiane." Tena akanieleza jambo ambalo vitabu vyangu vilikuwa vimelitaja lakini sikulitia maanani. Waata walihitaji uzito ule kwa sababu ya ngozi ya tembo. Wajomba zake wa Mbeere waliwinda wanyama wadogo vichakani, kwa hatua 20 au pungufu, na kazi ya kuua ilifanywa na sumu ya mti ambao Kiswahili huuita msunguti, sumu inayousimamisha moyo. Walichohitaji katika upinde ni ukimya na kurudia jambo lile lile kila mara. Juu ya sumu yenyewe hakuongeza neno ila moja: hakuna sababu ya mtu yeyote kuishika tena.

Upinde wangu ulikuwa bado haujakamilika. Asubuhi iliyofuata alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye nguzo yenye mikato iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, akauweka mshikio juu ya nguzo na kuuvuta upote mkato kwa mkato kwenda chini. Upinde ukakaa umepindika, nami nikasimama hatua 5 mbali ili niseme ninachokiona. Niliona upinde. Akaniambia nitazame kivuli. Jua lilikuwa limeangukia ukuta uliopakwa chokaa, na juu yake mikono miwili ya upinde, wa kulia na wa kushoto, ilikuwa imeandikwa wazi kama herufi. Akanipa kaa. Nikachora kivuli cha mkono mmoja kwenye kipande cha karatasi ya saruji, nikakipindua, nikakiweka juu ya kivuli cha mkono wa pili. Hapo nikaona. Mkono wa kushoto ulikuwa mgumu, umenyooka kama fimbo kutoka kwenye mshikio hadi katikati, kisha ukapinda ghafla karibu na ncha. Palepale penye kupinda ghafla ndipo utakapovunjika, mwaka huu au mwaka kesho, kwa sababu sehemu moja inafanya kazi ya sehemu tatu.

Usidhani dawa ni kupunguza pale palipopinda. Hapo ndipo pameshakonda. Hupunguzwa pale pasipopinda, ili pakubali kubeba sehemu yao ya mzigo. Guka alitumia kigae cha chupa, akikwaruza tumbo la upinde kwa kukivuta kuelekea kwake, unga mwembamba ukidondoka mapajani. Mikwaruzo kumi, basi. Halafu upinde ukavutwa mara thelathini, nusu ya urefu tu, ili mti ulijue umbo jipya. Kisha kivuli tena, kaa tena, karatasi tena. Mara ya nne akanipa kigae mimi. Sijawahi kushika kitu kwa hofu kama ile; mti ukishaondolewa haurudi, na kila mkwaruzo hupunguza uzito wa upinde wako milele. Tulianza umande ukiwa majanini tukamaliza jua la utosini. Mizani ikasoma kilo 13 kasorobo, naye akasema kasorobo hiyo tumeilipa kwa bei nzuri.

Upote alikuwa ameusokota mwenyewe kwa kano za mgongo wa ng'ombe, zilizopasuliwa nyuzi nyuzi, zikaloweshwa na kusokotwa pande mbili zikumbatiane. Nafasi kati ya upote na mshikio hupimwa kwa ngumi: weka ngumi juu ya mshikio, simamisha kidole gumba, na ncha ya gumba iguse upote. Wangu ulipitwa na gumba, yaani ulikuwa umekaribia mno, na nilipoupiga mshale wa kwanza upote ukanichapa mkono wa mbele nikapata alama nyekundu iliyodumu siku tatu. Akauvua upande mmoja, akauzungusha mara tatu katika mwelekeo wa msokoto, akaurudisha. Kamba ikizidi kusokotwa hufupika, na nafasi huongezeka. Ukipitiliza, mshale hupoteza nguvu, kwa kuwa upote husimama mapema na kuuachia. Kipimo cha ngumi kinakufikisha mlangoni tu. Kilichobaki ni sikio. Aliutekenya upote kwa kidole, ukavuma kwa sauti nene isiyo na mkwaruzo, akaniambia niikariri.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Upinde wenye upote wa kano haupigwi mvuani, kano hunywa maji na kurefuka, kwa hiyo nikapanda matatu ya Karatina, kisha Nyeri.

Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri, watalii hutafuta kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki 1941. Mimi nilimtafuta jirani yake, Jim Corbett, aliyefariki 1955. Dunia inamjua kwa kuwawinda chui na simbamarara wala watu huko India, na kwamba baadaye aliweka bunduki chini akapenda zaidi kamera. Kuja Kenya alikuja 1947, akaishi na dada yake Maggie pale pale Nyeri, na usiku ule wa Februari 1952 ambao Elizabeth akawa malkia bila kujua, Corbett alikuwa naye katika hoteli ya Treetops. Lakini kilichonipeleka kwake ni utoto wake, aliousimulia katika kitabu chake Jungle Lore: kwamba kabla ya bunduki alianza na manati, akapanda daraja kwenye upinde wa kurusha vidonge vya udongo, kisha mishale, na kwamba katika vyombo hivyo dhaifu ndipo alipojifunza kutembea kimya na kusoma nyayo. Nilisimama pale, nyasi zimelowa, nikiwaza kilo 13 zangu. Kinyongo changu kikaisha hapo.

Njia hiyo ya Nyeri ina jambo jingine linalomgusa mtu wa Malindi. Mwaka 1956 na 1957 walinzi wa Tsavo, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliwasaka wawindaji wa pembe, na Waata wengi wakaishia gerezani. Miaka michache baadaye, 1960, mpango ulianzishwa Galana ili Waata wawinde tembo kwa kibali, nao haukudumu. Woodley, baada ya msako ule, alihamishiwa kusimamia hifadhi za milimani, Aberdare na Mlima Kenya, makao yake yakiwa Mweiga, mwendo mfupi tu kutoka Nyeri. Kwa hiyo mtu aliyewakabili wapiga upinde mahiri kuliko wote wa pwani alikuja kutazama mlima huu huu kila asubuhi. Sina neno la kumlaani. Tembo walikuwa wanaisha. Tarehe 19 Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamhesabia kosa hata anayewinda kitoweo cha nyumbani kwake. Naiunga mkono. Ila marufuku ya kuua imegeuka, bila mtu kuiandika popote, kuwa marufuku ya kuchonga, kukwaruza, kusokota na kusikiliza. Guka hajawinda tangu 1977 na hana kinyongo na paa aliyeko kichakani. Kinachomuuma ni kwamba katika ndugu zake wote hakuna anayejua kusoma kivuli cha upinde ukutani. Aliponieleza hilo hakulalamika; aliendelea kunoa kisu.

Nilirudi jioni, na kesho yake ilikuwa zamu ya mishale.

Shabaha yetu ilikuwa mgomba uliokwisha kuzaa, umekatwa na kusimamishwa kwenye kichuguu cha udongo, hatua 15. Mgomba ni laini, hauvunji mshale. Aliipinda miti ya mishale yangu mmoja mmoja kati ya vidole, akatoa miwili kwa sababu ilikuwa migumu kuliko ndugu zake. Mshale unapoachiwa hauendi umenyooka: upote unausukuma kutoka nyuma huku mshikio umekaa njiani, kwa hiyo mshale hujipinda, huuzunguka upinde kama nyoka anayepita jiwe, ndipo hunyooka angani. Ukiwa mgumu mno haujipindi, hugonga ubavu wa upinde na kwenda kushoto kwa mpigaji anayevuta kwa mkono wa kulia. Ukiwa mlegevu mno huenda kulia. Manyoya yanaficha kosa hilo, kwa sababu yanaunyoosha mshale upende usipende. Basi Guka akachukua mshale mmoja akaubandua manyoya yote.

Mitatu yenye manyoya niliipiga ikakaa kwenye mgomba pamoja, si karibu sana lakini pamoja. Ule uchi ukaenda kushoto kiasi cha shibiri mbili, mkia ukiwa umeinuka. Mambo mawili kwa pigo moja: miti ni migumu kwa upinde wangu, na pale ninapopachika mshale kwenye upote ni juu mno. Kwa la pili alifunga uzi mwekundu kwenye upote, chini kidogo ya pale nilipokuwa nikipachika, ili kila mshale ukae mahali pamoja. Kwa la kwanza alizungusha waya wa shaba nyuma ya kigumba. Kichwa kizito huufanya mshale ujipinde zaidi. Mizunguko sita, nikapiga. Mizunguko miwili zaidi, nikapiga. Mshale uchi ukaanza kurudi nyumbani, kila mara ukikaribia wenzake, hadi ukaingia kwenye mgomba kiganja kimoja kutoka kwao.

Mjukuu wake wa kike, wa miaka tisa hivi, ndiye aliyekuwa akituokotea mishale. Akaniuliza kama wasichana nao hupiga. Nikamwambia juu ya Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyeibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, 2016. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye mgomba, akachomoa mishale akiishika karibu na kigumba kama babu yake alivyomfundisha, akairudisha, akabaki amesimama mkono mmoja juu ya upinde. Guka akamtazama kwa muda, kisha akaingia ndani. Alitoka na ufito mwembamba kutoka juu ya meko, akampima kifuani.

Siku ya kuondoka alinikumbusha mambo ninayoyajua: nisiachie upote bila mshale hata kwa mzaha, maana nguvu isiyopata mshale wa kubeba huurudia upinde na kuuvunja, niuvue upote kila nimalizapo, nisiusimamishe ukutani. Lingine sikulijua. "Huko kwenu hewa ina maji na chumvi," akasema. "Hautakuwa upinde ule ule. Usikasirike nao."

Nilifika Malindi usiku wa pili. Baada ya wiki nikaubeba ndani ya gunia hadi kwa muuza samaki tunayefahamiana, nikamwomba mizani yake kabla mashua hazijarudi. Tuliitundika kwenye boriti ya banda lake, nikanasa upote, nikaushusha upinde hadi sentimita 68, yeye akasoma. Kilo 12. Gumba langu liliupita upote. Nikaketi juu ya kreti, nikauvua upande mmoja, nikausokota mara mbili, nikaurudisha na kuutekenya. Bado. Nikauvua tena, nikaongeza msokoto mmoja.